Bomba Tulilowaachia Maskini



Katika parokia nyingi za Dar es Salaam, kikao cha halmashauri hakianzi bila katoni ya maji ya chupa mezani. Nyumba nyingi za kitawa zina kisima kirefu. Mfanyabiashara ana simtanki na kichujio jikoni. Hakuna dhambi katika hayo. Lakini yakiwekwa pamoja yanazaa swali zito: ikiwa kila mwenye uwezo amekwisha kulikimbia bomba, nani amebaki wa kuuliza linatoa maji gani?

Hoja yangu ni moja. Maji ya bomba hayatakuwa salama kwa maskini mpaka sisi wenye sauti tuyahesabu tena kuwa ni maji yetu.

Tuwatendee haki wahusika kwanza. Dar es Salaam hutegemea zaidi Mto Ruvu, unaoanzia katika milima ya Uluguru. Maji yake husafishwa katika mitambo miwili iliyoko mkoani Pwani: Ruvu Juu, huko Mlandizi, na Ruvu Chini, wilayani Bagamoyo. Mitambo hiyo imepanuliwa sana: Ruvu Chini kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270, na Ruvu Juu kutoka milioni 82 hadi milioni 196. Hapo maji hutiwa dawa ya kugandisha tope, huachwa yatuame, huchujwa, kisha hutiwa klorini ya kuua vijidudu. Kazi hiyo ni kubwa na inastahili shukrani.

Shida huja njiani. Bomba lenye presha wakati wote hujilinda lenyewe, kwa kuwa likipata ufa, maji hutoka nje. Bomba la mgawo halina ulinzi huo. Maji yakikatika presha hushuka, na penye ufa uchafu wa ardhini huweza kuingia ndani. Sasa fikiria jiji ambalo wakazi wake wengi hutumia vyoo vya shimo, na ambalo katika mitaa mingi mipira ya maji hupita ndani ya mitaro. Ongeza na pampu ambazo baadhi ya wateja huzifunga moja kwa moja kwenye bomba ili wavute zaidi ya majirani. Ndiyo maana mgawo, kama ule wa mwishoni mwa 2022 Ruvu ulipopungua kwa ukame, ni zaidi ya kero ya ndoo tupu. Ni suala la afya. Wala tusisahau Agosti 2015, kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam na baadaye kuenea mikoani. Ugonjwa huo hupita kwenye maji na chakula vilivyoguswa na kinyesi.

Jibu tulilolizoea ni fupi: “Chemsheni maji.” Ushauri huo ni sahihi, na kila familia iendelee kuufuata. Ila tuone unamwangukia nani. Kuchemsha kunataka mkaa au gesi, muda, na chombo safi chenye mfuniko. Kwa mama anayenunua mkaa wa kupima kwenye kopo, kila sufuria ya maji ya kunywa inapunguza moto wa kupikia ugali. Aliyekimbilia kisima cha jirani anaweza kukuta maji ya chumvi, na chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Anayenunua kwa dumu naye analipa zaidi. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Akinunua dumu kwa shilingi 100 tu, uniti hiyo imemgharimu shilingi 5,000, wakati mwenye bomba nyumbani hulipa chini sana ya hapo. Kwa hiyo, tukisema kila mtu ajisafishie maji yake, tunamtoza zaidi aliye na kidogo zaidi.

Sisi wanafunzi wa falsafa huanza na Thales, aliyesema maji ndiyo asili ya vitu vyote. Mara chache tunafika kwa Aristotle anapozungumzia maji ya mji. Katika kitabu chake cha Siasa anaeleza kwamba vitu tunavyovitumia kwa wingi na mara nyingi, yaani maji na hewa, ndivyo vyenye nguvu kubwa juu ya afya, hivyo mji wenye busara hauna budi kuvishughulikia kwa makini. Katika kitabu hichohicho anaonya kwamba kitu kinachomilikiwa na wengi hupata matunzo haba, kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake atakitunza. Mafundisho hayo mawili yanakutana kwenye bomba letu: kitu tunachokihitaji kuliko vyote ndicho tunachomwachia mwenzetu.

Najua wapo watakaosema, “Frateri, hayo ni mambo ya Serikali na wahandisi. Wewe soma, uje utuhubirie Injili.” Ni kweli kwamba padre hatengenezi bomba. Lakini Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa 2015, alifundisha kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu, kwa sababu uhai wake unayategemea. Haki ikikosekana, kunyamaza hakutuweki pembeni. Kristo aliahidi thawabu kwa atakayempa mmoja wa wadogo kikombe cha maji ya baridi. Hatuwezi kumpa mdogo kikombe hicho bila kujali kilichomo.

Tufanye nini basi? Kwanza, jumuiya ndogo ndogo ziweke maji katika ajenda zao. Wanajumuiya wanakaa mtaa mmoja, wanajua mpira uliopasuka uko wapi na mtaro unaofurika ni upi. Taarifa iliyoandikwa na familia kumi na tano na kupelekwa serikali ya mtaa na ofisi ya maji ina uzito kuliko malalamiko ya mtu mmoja.

Pili, tuulize majibu ya vipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yanapomfikia mtumiaji yabaki na klorini angalau miligramu 0.2 kwa lita. Kipimo hicho kinaweza kufanyika bombani kwa dakika chache. Tuombe majibu ya kila mtaa yabandikwe ofisini, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Tuwaelimishe pia waamini kwamba harufu kidogo ya dawa si lazima iwe ishara ya hatari. Mara nyingi ni dalili kwamba mlinzi bado yuko kazini.

Tatu, parokia na seminari zenye visima vipime maji yake mara kwa mara na kuyatangaza majibu, visafishe matangi, na vifungue koki moja kwa majirani kwa bei ya haki. Tusidai uwazi kwa wengine huku yetu tumeyafunika.

Mwisho, katoni ile ya maji ya chupa. Sisemi tuitupe leo, maana busara haimtaki mtu anywe maji asiyoyaamini. Nasema kila tunapofungua chupa tujue kwamba aliyetuandalia viti, akirudi nyumbani, atakunywa ya bomba. Siku tutakapoanza kuyauliza maji yake kana kwamba watoto wetu ndio watakaoyanywa, ndipo mafao ya wote tunayoyasoma darasani yatakapoanza kuonekana mtaani.