Usukani Ukitetema, Kipimo Kilipiwe Kabla ya Kipuri

Sehemu ya mauzo ya vipuri vya mbele katika maduka ya Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, huanzia kwenye kikaratasi. Ni ile orodha ambayo fundi humwandikia mwenye gari: bolijointi mbili, tairodi endi mbili, bushi na, ikibidi, shokapu za mbele. Mwenye gari hununua, hurudi gereji, vipuri hufungwa. Kisha gari hufika mwendo wa kilomita 90 kwa saa na usukani hutetema kama jana.

Lawama humwangukia fundi, au hudaiwa kuwa kipuri kilikuwa feki. Yote mawili hutokea. Lakini kasoro kubwa iko kwenye namna soko hili linavyolipa. Fundi halipwi kwa kutambua ubovu, hulipwa kwa kufungua na kufunga. Na pale duka linapomtupia chochote kwa kumleta mteja, orodha haiwezi kuwa fupi. Upimaji hauna bei, na kitu kisicho na bei sokoni hakina anayekishughulikia ipasavyo.

Tuchukue mfano wa teksi ambayo dereva hupeleka hesabu ya shilingi 20,000 kwa siku. Ikilala gereji siku tatu kwa kubahatisha, 60,000 zimekwenda kabla hata senti ya vipuri haijahesabiwa. Laiti mwenye gari angemlipa fundi nusu ya hesabu ya siku moja, yaani 10,000, kwa saa moja ya kupima tu bila kufunga chochote, angebaki na faida nono.

Saa hiyo ingeanza kwa maswali, si kwa spana. Gari hutetema wakati gani? Kama mtikisiko huanza kwenye kilomita 80 hadi 110 kwa saa na kupungua mwendo ukizidi au ukishuka, wa kwanza kushukiwa ni tairi na rimu: balansi imepotea, kizito cha risasi kimedondoka, rimu imepinda kwenye shimo, au tope limegandia upande wa ndani. Ukitetema pale tu breki inapokanyagwa, ziangaliwe diski, ambazo unene wake huenda hauko sawa. Gari likitikisika wakati wa kukanyaga mafuta na kutulia mafuta yakiachiwa, sivi jointi ya ndani ndiyo ya kutazamwa. Mvumo unaobadilika gari linapoelemea upande mmoja kwenye kona aghalabu ni wa beringi.

Kuna kipimo ambacho hakigharimu zaidi ya jasho. Tairi za mbele zihamishiwe nyuma pamoja na rimu zake, kisha gari liendeshwe barabara ile ile. Mtikisiko ukihama kutoka kwenye usukani kwenda kwenye kiti, ubovu umo kwenye magurudumu hayo na bolijointi hazina hatia. Ukibaki kwenye usukani, gari lipigwe jeki. Gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha ni beringi, usipoisha ni bolijointi au kiungo kingine. Likicheza kwa kushikwa kushoto na kulia peke yake, tairodi au reki ya usukani ndiyo inayohusika.

Wenye magari wengi hukimbilia wilo alaimenti, na wenye mashine hizo hawana sababu ya kuwakataza. Alaimenti hurekebisha gari linalovuta upande au kula tairi kwa upande mmoja. Mtetemo wa mwendo wa kasi si kazi yake, huo hutibiwa na balansi. Isitoshe, kuifanya kabla ya kubadili tairodi iliyochoka ni kulipa mara mbili, kwani tairodi ikibadilishwa vipimo huvurugika na lazima virekebishwe upya.

Kwenye Land Cruiser za 70 zenye ekseli nzima mbele, na Suzuki Jimny, mtikisiko huweza kuwa mkali kiasi cha dereva kushindwa kuushika usukani, hasa baada ya kupita tuta au shimo. Dawa ya haraka inayouzwa ni shokapu mpya ya usukani. Shokapu hiyo hufunika dalili kwa muda, ilhali beringi za juu na chini za nako, bushi za ekseli au balansi ya tairi ndizo zilizochoka. Muuzaji hufurahi, kwani mteja atarudi.

Gereji itakayobandika ukutani bei ya kupima, na kuikata mteja akikubali kazi ifanyike hapo, itapoteza wateja wachache mwanzoni. Wenye teksi na daladala, wanaojua thamani ya siku moja barabarani, hawatachelewa kuielewa.

Ziko hali ambazo hazina mjadala wa gharama. Nati za gurudumu zikiwa zimelegea, bolijointi ikicheza waziwazi au tairi ikiwa imevimba ubavuni, gari lisitoke hapo lilipo. Bolijointi ikichomoka gurudumu hulala, na dereva hana tena usukani wa kuushika.