Bukavu: shingo ya mama mbeba mizigo na kidonge cha kila asubuhi

Kwenye bichi ya Muhanzi, boti na mitumbwi inashusha makala, ndizi, mihogo na nanasi. Kutoka pale hadi soko la Kadutu ni kupanda tu. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo inapanda mgongoni mwa akina mama, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso. Kilo 50 ni kitu cha kawaida. Wengine wanabeba kupita uzito wa mwili wao wenyewe.

Uchungu unaanzia palepale kamba inapofanya kazi. Inavuta kichwa kwenda nyuma. Mama naye anainama mbele ili asianguke, na misuli ya shingo inakaza njia yote bila kuachia. Siku kwa siku vinatokea vifundo vigumu kati ya shingo na bega. Ukigusa kimoja, uchungu unakimbilia mahali pengine: kwenye kipaji, nyuma ya sikio, hata mkononi. Ndiyo maana mtu anaweza kununua dawa ya malaria au ya kichwa, kumbe ugonjwa uko begani. Dokta Janet Travell, aliyemtibu rais John F. Kennedy wa Marekani, alitoa kitabu kikubwa juu ya vifundo hivyo mwaka 1983 pamoja na David Simons. Wanasayansi wangali wanabishana ni nini hasa kinachotokea ndani ya kifundo. Kwamba panauma, hakuna anayebisha.

Mwaka 2020 watu karibu milioni 203 duniani walikuwa na maumivu ya shingo. Huko kwa matajiri wanalaumu kompyuta na telefone. Huku ni kamba.

Dawa inayojulikana ni diklofenaki, inayouzwa kidonge kimoja kimoja bila karatasi ya dokta. Inazima uchungu kwa masaa machache, na mama anarudi kubeba muzigo uleule kwa shingo ileile. Ukiimeza kila siku kwa miezi, inaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha tansio. Kusema kweli, anayefaidika zaidi na kidonge kile ni mwenye muzigo.

Watu wa kinezi wana njia nyingine, na haihitaji mashine kubwa. Masaji, kitambaa cha moto, au kukandamiza kifundo kwa kidole karibu dakika moja hadi kilegee: hiyo inaleta nafuu, lakini ya muda mfupi. Kinachodumu zaidi ni mazoezi ya kuimarisha shingo na mabega, yanayofanywa kwa majuma mengi. Kurudisha kidevu nyuma taratibu huku macho yanaangalia mbele. Kusukuma kiganja kwa kipaji sekunde chache, kichwa kisitembee. Kubana mabega nyuma, kisha kuachia. Mtu aliyezoea kuambiwa kwamba matibabu ni sindano anaweza kucheka, lakini utafiti mwingi uko upande wa mazoezi hayo.

Basi kwa nini mama wa Muhanzi hafiki kwa kinezi? Kwa sababu kumuona kunadai pesa ya kulipa mkononi, mara kadhaa, na kila mara siku ya kazi inapotea. Tangu benki za Bukavu zifunge milango mwanzoni mwa 2025, pesa ya mkononi yenyewe imekuwa ngumu. Mpango wa serikali wa afya kwa wote, ulioanza 2023, ulianzia kwa uzazi na mtoto mchanga. Ni sawa, akina mama wanakufa wakizaa. Shingo haiui, ndiyo maana inabaki mwisho wa mstari kila mara. Mwezi wa tano wa 2023, nchi wanachama wa OMS zilikubaliana kuingiza matibabu ya namna hii katika huduma za msingi. Kukubaliana Geneva ni rahisi.

Lakini kinezi anaweza kuteremka bichi yeye mwenyewe, siku moja kwa juma, na mkeka tu. Akina mama wengi wako tayari mu vikundi vya kuweka akiba, wanakutana kila juma. Mazoezi yale yanaweza kufundishwa pale, mmoja akamkumbusha mwenzake. Kugawa muzigo mara mbili kungesaidia shingo hata zaidi, ila malipo ni kwa muzigo, na mwenye mali hataki kulipa safari mbili. Hiyo ni kazi ya vyama na ya viongozi wa soko, si ya kinezi. Hakuna zoezi linaloshinda kilo 80 kila siku.

Na si kila shingo ni ya masaji. Mkono ukifa ganzi au ukikosa nguvu, miguu ikianza kuyumba, mkojo ukigoma au kutoka wenyewe, au uchungu ukija na homa na kukonda, ni kwenda kwa dokta mara moja: kifua kikuu kinaingia pia mu mifupa ya uti wa mgongo. Aliyeanguka na muzigo, asikubali mtu yeyote amvunje shingo ati ili ilie.