"Watanihoji nini mimi? Ni muuguzi tu"

TANGAZO lilibandikwa kwenye ubao karibu na chumba cha kubadilishia nguo, kati ya ratiba ya zamu na orodha ya wanaodaiwa kwenye kikoba. Lilisema watafiti wa chuo wanatafuta wauguzi wa kuhojiwa kuhusu kazi zao za kila siku na ujuzi wanaoutumia. Mahojiano ni saa moja na nusu, siri itatunzwa, nauli itarudishwa. Chini iliandikwa namba ya simu.

Wiki mbili zikapita, simu haikuita.

Si kwamba wauguzi wa hospitali ile ya wilaya hawana la kusema. Kwenye chai ya saa nne husimuliana mambo ambayo mtu wa nje akiyasikia atasahau kumeza andazi lake. Lakini mmoja wao, mama wa watoto watatu mwenye miaka 22 kazini, karibu yote katika wodi ya wazazi, alipoulizwa na mwenzake kwa nini asijitokeze, alicheka. "Watanihoji nini mimi? Mimi ni muuguzi tu. Wamwite metroni, au waende kwa madaktari."

Hilo "tu" ndilo linalowashinda watafiti wengi, na wala halikuzaliwa wodini. Mara nyingi limelelewa nyumbani. Mume wa muuguzi hujivuna kuwa mkewe ni nesi pale mtoto wa jirani anapochemka homa usiku wa manane. Akiulizwa mkewe anafanya nini hasa kazini, atajibu kuwa anachoma sindano, anatandika vitanda na kuwasaidia madaktari. Ndugu nao humpima presha yao kila anapokwenda msibani, wakamshukuru kwa kumwambia kuwa uuguzi ni wito.

Neno wito ni la heshima, ila lina hila yake. Kazi ikiitwa wito, huonekana imetoka moyoni, kama upole au huruma, na kilichotoka moyoni hakuna anayeuliza kilijifunzwa wapi wala kwa miaka mingapi. Fundi wa magari akisikiliza injini inavyounguruma na kutaja kilichoharibika kabla hajafungua boneti, watu humwita fundi kwelikweli. Muuguzi akimtazama mzazi kitandani na kusema "huyu simwelewi", husifiwa kwa kuwa na huruma. Kumbe wote wawili wamefanya kazi ileile.

Chukua jambo moja ambalo mama huyu amelifanya mara nyingi hata hakumbuki hesabu. Mwanamke amejifungua salama, saa moja imepita, presha imepimwa na iko sawa. Muuguzi anapita kufuata kitu kingine. Anaporudi anamwona yule mzazi anapiga miayo. Anaomba maji, na aliomba muda si mrefu. Anajigeuzageuza kama mtu aliyekosa raha kitandani. Muuguzi anamshika mkono, anakuta ni wa baridi na una jasho. Hapo anaweka kiganja juu ya tumbo kuona kama mji wa mimba umekaza, anafunua kanga iliyo chini, na anaita wenzake waje haraka.

Mwanamke kijana na mwenye afya anaweza kupoteza damu nyingi kabla presha haijashuka. Mashine inaposema kuna hatari, muda wa thamani umeshapotea. Lakini siku ya pili kwenye faili kutakuwa na maneno machache: alitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, amepatiwa matibabu, hali yake nzuri. Ile miayo haimo. Kiu haimo. Aliyeviona vitu hivyo na kuviunganisha hatajwi.

Kinachopotea si sifa ya mama huyo peke yake. Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na akifika 60 ni lazima. Muuguzi wa miaka 22 kazini anaanza kuuona mlango wa kutokea. Wakati huohuo binti aliyemaliza chuo mwaka jana anapangiwa zahanati ya kijijini, na usiku fulani anajikuta peke yake na mzazi anayepiga miayo. Alichofundishwa darasani ni kupima presha.

Kwamba maarifa ya namna hii yanaweza kuandikwa na kutumika, mfano uko hapahapa nchini. Wanawake wa Tanzania hujifungulia juu ya kanga, na tangu zamani wakunga wameitazama kanga kujua damu imetoka kiasi gani. Watafiti, mmoja wao Dk Godfrey Mbaruku aliyefanya kazi miaka mingi Kigoma, waliona kuwa kanga za madukani zina ukubwa unaofanana, kwa hiyo zinaweza kuwa kipimo. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2005, kanga mbili zilizolowa zilikuwa alama kwamba damu imezidi nusu lita, kiwango ambacho mzazi huhesabiwa kuwa anatokwa damu kupita kiasi. Mkunga wa jadi asiye na mizani wala chupa ya vipimo akapata namba anayoweza kuihesabu kwa vidole.

Marekani nako, Patricia Benner, yeye mwenyewe muuguzi, alichapisha mwaka 1984 kitabu cha From Novice to Expert kilichotokana na kuwasikiliza wauguzi. Baadhi aliwachukua wawiliwawili, muuguzi mpya pamoja na mzoefu aliyekuwa akimwelekeza, jozi 21 kwa jumla. Kila mmoja aliulizwa peke yake kuhusu wagonjwa ambao wote wawili waliwahudumia. Mgonjwa alikuwa mmoja, masimulizi yakawa mawili. Mpya alifuata kanuni hatua kwa hatua, mzoefu aliona hali nzima kwa mkupuo na mara nyingi alishindwa kueleza aliionaje. Ngazi tano alizozitumia Benner kueleza safari hiyo, kutoka mgeni wa kazi hadi bingwa, alizichukua kwa ndugu wawili, Stuart na Hubert Dreyfus, waliokuwa wamechunguza wacheza sataranji na marubani. Muuguzi kupangwa safu moja na rubani, hilo peke yake lilikuwa habari.

Miaka michache baadaye, Beth Crandall na wenzake waliwahoji wauguzi wa watoto wachanga mahututi. Walitaka kujua wanatambuaje kwamba kichanga kimeanza kupata maambukizi kwenye damu. Jibu la kwanza lilikuwa lilelile la kila mahali: uzoefu, unajua tu. Watafiti hawakuondoka. Walimwomba kila mmoja amkumbuke mtoto mmoja hasa, wakarudi naye saa hadi saa: alikuwa na rangi gani, alinyonyaje, ulipomgusa alifanyaje. Orodha ikajaa, na ndani yake zilikuwamo dalili ambazo maandishi ya kitaalamu ya wakati huo hayakuwa nazo.

Basi kosa la lile tangazo la ubaoni linaanzia kwenye neno "ujuzi". Muuguzi akilisoma huona cheti, mtihani, pengine mkaguzi. Anajiuliza akikosea jibu itakuwaje, na leseni yake iko mikononi mwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Laiti lingeandikwa "tunaomba utusimulie zamu yako", huenda simu ingeita hata mara moja.

Kosa la pili ni njia. Kibali ni lazima, na hakuna mzaha hapo. Utafiti wa afya Tanzania Bara hupita kwa wasimamizi wa maadili ya utafiti, ikiwamo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na hospitalini hakuna anayeingia bila mganga mfawidhi kujua. Lakini kutoa ruhusa na kuchagua watu ni vitu viwili. Wakubwa wakiombwa wateue, watateua wasemaji wazuri na wasio na malalamiko. Wengine watakuja kwa kuwa wameagizwa, wakae mbele ya kinasa sauti kama wanaotoa maelezo polisi. Mtafiti mwenye busara huomba mlango ufunguliwe, kisha anaingia mwenyewe, na mkubwa hapewi orodha ya waliokubali wala waliokataa.

Kuingia mwenyewe maana yake ni kufika wodini wakati wa kukabidhiana zamu, kusema kwa dakika tano, na kuondoka. Aliyetoka zamu ya usiku asizuiwe hata dakika moja; macho yake yako kitandani kwake. Mtafiti aseme ametoka wapi, nani analipia kazi hiyo, sauti itahifadhiwa wapi na itafutwa lini. Aseme kuwa majina ya wagonjwa hayatakiwi kabisa, kwa sababu muuguzi ana kiapo chake, na kuwa mtu anaweza kuacha katikati bila kutoa sababu. Hayo yote yamo kwenye fomu ya ridhaa, lakini fomu haina uso.

Muuguzi wa kwanza akipatikana, atamtaja mwenzake, na mwenzake atamtaja mwingine. Njia hii ni nyepesi na ina mtego wake, maana marafiki husimulia yanayofanana. Yule wa zahanati anayekaa zamu peke yake hatajwi. Hatajwi wa mkataba katika hospitali binafsi, wala aliyeajiriwa juzi, wala kijana wa kiume ambaye wazazi humwita daktari hata akiwakatalia mara tatu. Hao ni wa kutafutwa kwa miguu.

Kisha kuna nyumbani, ambako mipango mingi ya mahojiano hufia bila mtafiti kujua. Saa moja na nusu ya muuguzi si yake peke yake. Akitoka zamu anapitia sokoni, akifika anasonga ugali, Jumamosi kuna nguo za wiki nzima na kikoba, Jumapili ibada. Simu ikiita saa tatu usiku, na sauti ngeni ya mwanamume ikasema "dada, lini tuonane?", hata ndoa tulivu itauliza maswali. Ni afadhali kupiga mchana, na kumpa mama barua anayoweza kuiweka mezani mwenzake akaisoma. Mahali achague mwenyewe. Kwake mara nyingi hapafai, kwani watoto wanapita, mama mkwe amekaa sebuleni, na msimulizi ataishia kusimulia yale yanayofaa masikio ya sebule. Nauli irudishwe yote, pamoja na kitu kidogo cha kumfidia muda. Wapo wanaodai kulipa kunaharibu utafiti. Hao wenyewe huwa wanalipwa mshahara.

Wiki ya tatu tangazo liliondolewa. Asubuhi moja, wakati wa kukabidhiana zamu, alifika binti wa umri wa mtoto wa kwanza wa yule mama. Alitoa shikamoo kwa wote, akajieleza, akamgeukia aliyekuwa karibu naye, na kwa bahati akawa ndiye. "Mama, sitakuuliza maswali ya darasani. Ningependa tu siku moja unisimulie zamu yako, tangu unavaa sare mpaka unaivua."

"Zamu yangu? Hiyo si ndefu." Akaanza palepale akiwa amesimama, na dakika 10 baadaye alikuwa bado hajamaliza kupokea wodi. Akacheka mwenyewe, akaandika namba yake.

Walikutana Jumamosi katika darasa la shule ya msingi iliyo jirani. Mume alibaki na watoto, akapika wali ulioungua kidogo chini. Mama alirudi saa 10 badala ya saa nane. Alisema yule binti alikuwa na tabia moja ya ajabu: kila akiambiwa "nilijua tu", anauliza, "ulikuwa umesimama wapi?"

Jioni, akichambua mchicha, mume akamuuliza walichozungumza huko muda wote huo.

"Mambo ya kawaida tu," akasema. Kisha akamtajia yule mzazi aliyepiga miayo, mwaka ule mvua zilipokata daraja.

Mume akapunguza sauti ya televisheni. "Sasa wewe ulijuaje, mama watoto? Si umesema presha ilikuwa sawa?"

Mama akaweka fungu la mchicha chini, akafuta mikono kwenye kanga, akamwambia hebu lete mkono wako hapa.