Usiulize Mtutu Gani ni Bora, Uliza Utapiga Risasi Gani

Wasee, leo naongea kuhusu kitu ambacho wengi wenu hamtawahi kununua: mtutu wa bunduki ya kulenga shabaha. Mimi mwenyewe sina bunduki, na hapa Kenya bila leseni usijaribu hata kuishika. Lakini tulieni kidogo. Hii stori ilimlia binamu yangu pesa na karibu imfanye aache mchezo anaoupenda, na mimi bado nina hasira.

Binamu yangu anaishi Minnesota, Marekani. Ni nesi, anapiga shifti za usiku, na wikendi anaenda uwanjani kulenga shabaha za karatasi. Aliweka akiba miezi kadhaa ili abadilishe mtutu wa bunduki yake ya .223. Akafika dukani, akauliza, "Mtutu upi ni mkali zaidi kwa shabaha?" Akaambiwa achukue wa 1:12, ati walengaji wa ukweli wanapenda msokoto wa taratibu. Akalipa, akafungiwa.

Halafu akanunua risasi za greni 80, yaani kama gramu 5. Ni nzito na ndefu, na alizitaka kwa sababu mashindano yao ni ya yadi 600, karibu mita 550, na umbali huo upepo husukuma risasi nyepesi ovyo. Siku ya kwanza uwanjani, matundu kwenye karatasi hayakuwa ya duara. Yalikuwa marefu, kama tundu la funguo. Risasi zilikuwa zinafika zikiwa zimelala ubavu, na nyingine hazikugusa karatasi kabisa. Manze, jamaa alijilaumu mwezi mzima. Mikono inatetemeka. Pumzi mbaya. Macho yamechoshwa na shifti.

Mikono yake haikuwa na shida yoyote.

Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyokatwa kwa kuzunguka, kama ngazi ya kujipinda. Kazi yake ni kuizungusha risasi. 1:12 maana yake risasi inamaliza mzunguko mmoja ndani ya inchi 12, urefu wa ile rula yako ya shule. 1:8 ni mzunguko mmoja ndani ya inchi 8. Kwa hivyo namba ikiwa ndogo, msokoto ni mkali zaidi. Kwa mtutu wa inchi 24 wenye 1:12, risasi inageuka mara mbili tu kabla ya kutoka. Inasikika kidogo, si ndio? Lakini ikitoka kwa futi 2,800 kwa sekunde, hiyo ni mizunguko 168,000 kwa dakika. Injini ya matatu hata dereva akiikanyaga namna gani haifiki 10,000.

Mzunguko wa nini sasa? Umewahi kucheza pia? Ikizunguka kwa kasi inasimama wima. Kasi ikipungua inaanza kuyumba, kisha inalala. Risasi ni hivyo hivyo, hewa inajaribu kuipindua. Na risasi ikiwa ndefu zaidi kwa unene uleule, inahitaji kuzungushwa zaidi ili isipinduke. Wengi wanahesabu uzito, lakini urefu ndio wenye kesi.

Hii si siri mpya. Mwingereza George Greenhill, mwalimu wa hesabu kule Woolwich, alitoa kanuni yake mwaka 1879. Chukua 180 (yeye alianza na 150, lakini kwa risasi za kasi kubwa watu hutumia 180), zidisha na kipenyo cha risasi mara kipenyo, gawanya kwa urefu. Risasi za .223 zina kipenyo cha inchi 0.224. Ikiwa na urefu wa inchi 0.7, unapata karibu 12.9, kwa hivyo 1:12 inatosha. Ikiwa na urefu wa inchi 1.07, unapata 8.4. Hapo unahitaji 1:8. Kanuni ya makadirio tu, lakini ingemwokoa binamu yangu kwa dakika mbili za kalkuleta.

Najua kuna mtu anasema, basi si kila mtu achukue 1:7 amalizane na hii stori? Zii. Hakuna risasi iliyosawazishwa kabisa, na ukiizungusha zaidi, ile kasoro yake ndogo inaisukuma pembeni zaidi ikitoka. Zile zenye ganda jembamba zinaweza hata kupasuka hewani. Ndiyo maana wale wa kupiga wakiwa wameegemeza bunduki mezani, kwa umbali mfupi na risasi fupi, wanachagua 1:13 au 1:14. Wako sawa kabisa, kwa mchezo wao.

Lakini msimamo wangu ni huu: ukiwa huna uhakika, kosea upande wa msokoto mkali kidogo. Ukizidisha kidogo, unapoteza usahihi kiasi ambacho wengi wetu hatutakiona. Ukipunguza, risasi inalala ubavu. Jeshi la Marekani lililijua hili mapema. Bunduki za M16 za mwanzo zilikuwa na 1:14. Zilipojaribiwa kwenye baridi kali, ambako hewa ni nzito, risasi zikayumba, wakahamia 1:12. Na Minnesota wakati wa baridi si mzaha.

Sasa, yule wa dukani hakudanganya. Alitoa jibu sahihi la swali la mtu mwingine. Kinachoniuma ni kwamba hakuuliza hata swali moja: utapiga risasi gani, umbali gani, hali ya hewa gani? Ni kama kuuziwa viatu bila kuulizwa saizi. Na mtutu si kiatu. Mifereji ikishakatwa, imekatwa. Huwezi kurudi kuomba wakaze msokoto kidogo.

Juzi binamu yangu alijaribu risasi fupi za greni 52 kwa mtutu uleule, yadi 100. Matundu matano, yote ya duara, yote karibu karibu. Alinitumia picha saa nane usiku. Hakuandika kitu kuhusu mtutu. Aliandika tu, "Kumbe mikono yangu iko sawa."

Kwa yadi 600 bado upepo utamsumbua, kwa hivyo anaweka akiba upya, safari hii ya 1:8. Lakini yule mwezi aliojiita bure, nani atamrudishia? Kabla hujajilaumu, kagua kwanza kama ulipewa kifaa cha kazi yako. Na mtu akikupa jibu la "bora zaidi" kabla hajakuuliza unataka kufanya nini, shika pesa zako utoke.