Kadi ya Grafiki kwa Asiyeona

Kuna kauli mbili zinazosikika kila panapotajwa kompyuta na watu wasioona, huku Lunyo na hata mjini Busia, pande zote mbili za mpaka. Ya kwanza ni ya mzaha: asiyeona ataifanyia nini kadi ya grafiki, ilhali kazi ya kadi hiyo ni kuchora picha? Ya pili ni ya muuzaji: kompyuta ya asiyeona sharti iwe ghali, tena yenye kadi kubwa ndani yake. Kauli hizi zinapingana, lakini mama yao ni mmoja, naye ni kutomwuliza mwenyewe. Nazipinga zote mbili.

Nianze na ya muuzaji, kwa kuwa ndiyo inayokula fedha za shule na za wazazi. Programu ya kusoma skrini kwa kawaida haiitazami picha iliyo kwenye skrini. Huuliza mfumo wa kompyuta: hapa pana kitufe gani, orodha gani, maneno gani? Ikijibiwa, hulitamka jibu. Ndiyo maana NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa nchini Australia mwaka 2006 na Michael Curran na James Teh, ambao wote wawili hawaoni, ina uwezo wa kuifanya skrini iwe nyeusi tititi huku mtumiaji akiendelea na barua yake bila kuchunguliwa. Kwa kazi ya namna hiyo, uwezo mdogo wa michoro uliomo ndani ya kichakataji cha kawaida unatosha. Fedha ziende kwenye kumbukumbu ya kutosha, diski ya kasi na vipokea sauti visivyokwaruza.

Kadi kubwa humwongezea nini? Hula betri, na umeme wetu mnaujua. Hupata joto, feni ikavuma, na mvumo huo huifunika sauti ile ile ambayo kwake ndiyo skrini. (Feni kwa mwenye kuona ni kero, kwa asiyeona ni kama vumbi zito juu ya kioo.) Isitoshe, programu endeshi ya kadi mpya huweza kuihamisha sauti yote ipitie waya wa HDMI, kuelekea kwenye skrini isiyo na spika, na kompyuta ikawa bubu ghafla. Mwenye kuona atabofya mara mbili tatu, yamekwisha. Asiyeona atabaki mbele ya mashine iliyo kimya, akisubiri mpita njia.

Sasa niwageukie wenye mzaha. Uganda na Kenya ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na Ibara ya 30 ya mkataba huo inataja utamaduni, burudani, mapumziko na michezo. Kucheza ni haki, si hisani. Nao wasioona wanacheza. Mchezo wa The Last of Us Part II ulipotoka mwaka 2020, ulikuwa na vipengele zaidi ya 60 vya kuwasaidia wachezaji wenye ulemavu, na asiyeona aliweza kuucheza hadi mwisho kwa kufuata sauti. Forza Motorsport ya mwaka 2023 humwezesha asiyeona kuendesha gari la mashindano kwa kusikiliza ishara za kona na breki.

Hapa ndipo mzaha unapoumbuka. Michezo hiyo huchora kila jani na kila tone la mvua, awepo wa kutazama au asiwepo. Kwenye kompyuta, bila kadi inayofaa mchezo haufunguki, au unasuasua hadi ishara za sauti zinamfikia mchezaji zikiwa zimechelewa. Basi asiyeona analazimika kulipia picha asizoziona ili apate sauti anayoihitaji. Atashusha ubora wa picha hadi chini kabisa, naam, lakini kadi ameshainunua. Wa kuulizwa ni watengenezaji: mbona hawampi njia ya kuuzima uchoraji huo? Anayemcheka mnunuzi amemkosea mtu.

Serikali zetu nazo zina swali la kujibu. Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 linasamehe ushuru kwa vifaa vilivyobuniwa mahususi kwa watu wenye ulemavu. Neno “mahususi” ndilo kikwazo. Mashine ya Breli inaingia hapo waziwazi. Kadi ya grafiki, ambayo haikubuniwa kwa ajili yake, haiingii hapo kwa urahisi. Sheria ingetazama matumizi ya kifaa, si nia ya kiwanda.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Je, mwanafunzi asiyeona atakisikia kwa sauti ipi? Sauti ya Kiingereza ikisoma “ng’ombe” au “ghala” hutoa kitu ambacho mwalimu hawezi kukisahihisha kwa kuwa si lugha yoyote. eSpeak NG, inayokuja pamoja na NVDA, ina sauti ya Kiswahili. Ni ya kimashine na haivutii, lakini ipo, na mtu hana budi kuichagua.

Kwa hiyo kamati yoyote ya shule, Busia au Tororo, inayotaka kununua kompyuta za wanafunzi wasioona, imwite kwanza mmoja wao dukani. Skrini izimwe, feni izunguke, naye asikilize aya moja ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho kabla fedha hazijatoka mfukoni.