Kidonge cha Mtoto, Mkono wa Mkubwa

Barafu tunayoijua sisi watu wa Kasulu na Kibondo ni ile ya kufyonza, inayouzwa kwenye vifuko vya nailoni. Hata hivyo nataka kumtetea binti aliyecheza kwa kuteleza juu ya barafu, maana yaliyompata yanamhusu kila mwenye kulea mtoto wa kipaji.

Kamila Valieva wa Urusi alikuwa na miaka 15 alipokwenda kwenye Olimpiki ya Beijing, Februari 2022. Tarehe 7 timu yake ilishika nafasi ya kwanza. Kesho yake maabara ya Stockholm ikatoa taarifa kwamba mkojo wake, uliochukuliwa tarehe 25 Desemba 2021, ulikuwa na trimetazidini, dawa ya wagonjwa wa moyo iliyopigwa marufuku michezoni. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikamruhusu aendelee. Tarehe 17 akaingia uwanjani dunia ikimkodolea macho, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, akamaliza wa nne. Alipotoka, kamera zilimnasa kocha wake akimwuliza kwa nini aliacha kupigana.

Januari 2024 mahakama hiyo ilimfungia miaka minne, kuanzia siku ile ya Desemba. Majaji walisema kanuni hazikuwapa msingi wa kumtendea tofauti na mtu mzima.

Hapo ndipo ninapopinga. Sikatai matokeo kufutwa. Wamarekani waliostahili dhahabu walingoja hadi Agosti 2024 kuvishwa medali zao huko Paris, na hiyo nayo ni dhuluma. Lakini kufuta matokeo ni jambo moja, na kumtwika mtoto mzigo wa wakubwa ni jambo jingine. Wanasema alishindwa kuthibitisha jinsi dawa ilivyomwingia. Angethibitishaje? Mtoto aliyezungukwa na makocha na madaktari hujua anachopewa, au hujua tu kwamba amepewa?

Tujiangalie wenyewe. Hapa kwetu mtoto akipewa kidonge na mkubwa haulizi jina la dawa. Hupokea kwa mikono miwili, akameza. Ndivyo tulivyomfunza, na tunaita adabu. Binti anayekimbia UMISSETA kwa ajili ya shule yake atamkatalia mwalimu? Wala tusidhani mambo haya yako mbali. Mwaka 2022 jirani zetu Kenya walinusurika kufungiwa na riadha ya dunia, kwa wingi wa wanariadha wao waliokutwa na dawa.

Wapo wanaosema adhabu kali kwa mtoto itawatisha wakubwa. Si kweli. Mtoto akifungiwa, kocha hutafuta mtoto mwingine. Waliosimamia mchezo ule waliamua Juni 2022 kupandisha umri wa kushindana na wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17, kwa hatua. Ni vema, ila umri peke yake haumfichui aliyeshika kidonge.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo inamwuliza mlezi. Basi mtoto akikutwa na dawa, wa kwanza kusimamishwa kizimbani awe mkubwa aliyempeleka mashindanoni, athibitishe yeye kwamba hakumpa. Na sisi wazazi wa nyanda hizi za juu tuwafundishe watoto swali moja lisilovunja adabu: "Shikamoo mwalimu. Hii ni dawa ya nini?"