Kijiji Kisicho na Mabwana

Fungua rekodi ya sensa ya 2011 ya kijiji chochote kidogo cha India. Utasoma idadi ya kaya, wanaume na wanawake, watoto wasiotimiza miaka saba, wanaojua kusoma, wanaolima mashamba yao na vibarua wa mashamba ya wenzao. Kisha zinakuja safu mbili: matabaka yaliyoorodheshwa, yaani Wadaliti, ambao mababu zao walihesabiwa najisi tangu tumboni, na makabila yaliyoorodheshwa, yaani Waadivasi. Basi. Wengine wote ni wanakijiji tu.

Ugomvi wangu uko hapo. Miongoni mwa hao wengine yumo mwenye ardhi na mkopeshaji fedha, na wamo pia kinyozi, mfinyanzi na mkamua mafuta, wote wamekorogwa chungu kimoja. Aliyeitwa najisi ana safu yake. Aliyemwita hivyo hana. Msomaji anaondoka akidhani tabaka ni ugonjwa wa Wadaliti, kana kwamba upande wa pili wa kijiji watu huzaliwa bila tabaka.

Na hata safu hiyo ya Wadaliti inavuja. Amri ya rais ya 1950 iliwatambua karibu Wahindu peke yao. Masingasinga wakaongezwa 1956, Wabudha 1990. Wakristo na Waislamu bado wako nje. Katika vijiji vya Tamil Nadu mtaa wa Wadaliti huitwa cheri, nao hujengwa mbali na kijiji chenyewe. Mdaliti akibatizwa anatoka kwenye safu, lakini hatoki cheri.

Watetezi wa ukimya huu husema kuhesabu tabaka ni kulipalilia. Msomaji wa Tanzania huenda akawaunga mkono: kwao sensa haijauliza kabila wala dini tangu 1967, na watu wanaishi. Lakini Tanzania kabila halimzuii mtu kuchota maji kisimani. Mwaka 1927, mjini Mahad, Ambedkar aliwaongoza maelfu ya Wadaliti kunywa maji ya bwawa la umma. Walipigwa, na bwawa likatakaswa kwa mavi na mkojo wa ng'ombe. Waliowapiga hawakuhitaji karani wa sensa awaonyeshe nani ni nani. Kijijini kila mtu anajua. Asiyejua ni serikali, na kutojua kwake kuna wanaokula humo.

Matabaka yote yalihesabiwa na kutangazwa mara ya mwisho 1931, chini ya mkoloni. Tume ya Mandal, iliyotoa ripoti 1980, ilibidi ikisie kwa hesabu hizo kuukuu. Zoezi jingine lililoanza 2011 liliuliza tabaka. Majibu ya swali hilo yakafungiwa. Jimbo la Bihar lilipojihesabu lenyewe na kutoa matokeo 2023, matabaka ya juu yalikuwa asilimia 15.5, na yale yanayoitwa ya nyuma zaidi ya 63. Ndiyo maana hapakuwa na haraka.

Mwaka 2025 Delhi ilikubali kuuliza tabaka la kila mtu katika sensa ya 2027. Nangoja kuona kama majibu yatatolewa kijiji kwa kijiji, na kama kando ya jina la tabaka pataandikwa ekari. Mwenye mashamba pande zote mbili za barabara naye apewe safu yake.